Minyoo Mnayoilisha Shambani Kwangu

Nyakarenzo, tarehe 14 Juni 1999

Kwa Bwana Mkuu wa Majaribio ya Viazi Vitamu, Cyangugu

Bwana Mkuu,

Pokea heshima zangu kabla ya manung'uniko yangu. Mimi ni Védastine Nyirabagenzi, mjane. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na mwaka 1996 nikarudi nchi ya wazazi wangu, ambako sikuwa nimewahi kufika, na watoto watatu na sufuria moja. Nilipewa shamba dogo hapa Nyakarenzo. Ndilo mlilolichagua kujaribia aina kumi na mbili za viazi vitamu, ili ijulikane ni ipi inayostahimili minyoo ya mizizi. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Shamba langu halikuwa na minyoo. Agronomu wako, yule bwana shamba tunayemwita Papa Wenceslas, alipima udongo akasikitika sana. Wiki iliyofuata alirudi na ndoo nne za udongo wa kwingine na mizizi ya nyanya iliyojaa mafundo yanayoletwa na minyoo, akavichanganya na udongo wangu. Nilipouliza, alinijibu kwa upole: "Maman, bila minyoo hakuna jaribio." Bwana Mkuu, tangu vita nimeona wengi wakiingia mashamba ya watu kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa malori. Kwa ndoo sikuwa nimeona.

2. Nilikatazwa kuchimba hata kiazi kimoja kwa miezi mitano. Jirani yangu Nzigire alimwuliza agronomu: "Papa, batoto banalala njaa, na minyoo munaitayarishia karamu?" Aliliandika swali hilo chini ya neno "Mengineyo".

3. Kila Jumatatu minyoo inatembelewa. Mzizi unang'olewa, unaangaliwa kwa kioo cha kukuza, mafundo yanahesabiwa. Yakiongezeka, wanaandika; yakipungua, wanaulizana kwa wasiwasi kumetokea nini. Binti yangu Nishimwe alikonda mwaka mzima na hakuna aliyekuja kuuliza. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mimi na wanangu tuandikishwe kama minyoo. Tuko wanne tu, hatuli sana, na tunaonekana bila kioo.

4. Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya mavuno. Kwenye mstari wa tisa Papa Wenceslas alifukua, akakuta udongo mtupu chini ya majani mazuri ya kijani. Akatangaza mbele ya majirani wote: "Aina ya tisa imeliwa yote na minyoo. Itang'olewa na kuchomwa." Kisha akanitazama mimi. Bwana Mkuu, mimi naimba kwaya. Sijagusa kiazi cha mtu, na macho yale yaliniumiza. Tena nikuulize: minyoo inayomaliza mstari mzima, isiache hata ganda, ni minyoo hiyo? Hilo ni jeshi. Nimeshawahi kupikia jeshi kwa lazima, najua linavyoacha shamba. Naomba liondoke kwangu, pamoja na jaribio lote, mnirudishie udongo wangu kama mlivyoukuta.

Uniwie radhi kwa karatasi hii, ni ya daftari la shule. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, dereva, makarani wote, na hata ile minyoo mnayoifuga huko ofisini ndani ya vyungu.

Ni mimi ninayekuheshimu,
Védastine Nyirabagenzi

N.B. Nimesikia sasa hivi kwamba watakuja kuchoma kesho asubuhi. Tafadhali wazuie. Viazi vya mstari wa tisa nilivichimba mimi kwa vidole, kimoja kimoja, nikiacha majani yasimame. Vilikuwa vikubwa, ngozi laini, bila fundo wala ufa, ilhali mistari mingine yote imeharibika. Nishimwe alikula hadi akasinzia na kiazi mkononi. Nzigire naye alikula, ila usimtaje. Aina mnayoitafuta ndiyo hiyo, mbegu yake ni majani hayo, na mimi ndiye mwizi wake. Papa Wenceslas akija na kiberiti, atanikuta nimekaa juu ya majani.