Ugonjwa wa Kukosa Kwao

Kwa fahari natangaza kwamba mwaka 1911, katika boma letu lililo magharibi ya Dodoma, Serikali ya Kaizari iligundua ugonjwa ambao Wagogo walikuwa wakiugua bila habari: kukosa kwao. Uligunduliwa bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Daftari la hospitali lilitosha.

Karani wa daftari hilo nilikuwa mimi, miaka kumi na sita, mwandiko wa bweni la misheni. Kila mtoto aliyeletwa niliagizwa kuuliza jana alilala wapi, nami nikaandika. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alisoma kurasa zote akashikwa na huzuni ya kiserikali. Akaamuru kwamba kila mtoto mwenye malazi zaidi ya matatu hana makao, na atahamishiwa Nyumba ya Makao Thabiti, kando ya zizi la nyumbu, atulie humo mpaka afikie umri wa kubeba mataruma ya reli.

Nikaanza kusoma majina kwa sauti. Wa kwanza alikuwa Yotham, miaka sita, kidonda cha mguu, malazi manne. Mama yake, Loisi, alifika barazani amembeba mgongoni, akaeleza polepole kama mtu anayemweleza mgeni. Kwao ni mwendo wa siku mbili. Njiani wanalala kwa ndugu, kila safari kwa mwingine, maana ukipita mlango wa ndugu mara zote bila kulala, umemtukana. Wamekuja mara nne, wamelala kwa ndugu wanne.

Bwana Shauri alijibu kwamba hayo ni maelezo, na daftari halina safu ya maelezo.

“Basi nisingemleta,” alisema Loisi. “Mguu ungeoza, ila angekuwa na kwao.”

Niliamriwa kuandika kwamba mama ametoa shukrani.

Ndipo akanigeukia. “Karani, mwanangu, hebu maliza kusoma. Nataka kujua mwanangu anakwenda kulala na nani.”

Amri ilisema kila mtoto, nami ni mtiifu. Nikasoma: Liselotte, binti wa Bwana Shauri, miaka saba, ameletwa na homa mara nne akitoka safarini na baba yake. Malazi: hema, Kilosa. Behewa la mizigo. Hema, Mpwapwa. Hema, mahali pasipojulikana.

Shaushi Halfani, mkuu wa askari, ambaye katika miaka kumi hajawahi kuuliza sababu ya amri, alipiga saluti akaomba mtoto aletwe.

Bwana Shauri alisema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba binti yake ana nyumba hapa bomani.

“Hii ya boma, bwana?” aliuliza Shaushi kwa heshima. “Si ya Kaizari?”

Amri ilifutwa kabla ya adhuhuri. Loisi alikaza nguo mgongoni akaondoka na mwanawe, bila kuaga serikali.

Bwana Shauri alibaki, akaniagiza nisahihishe ukurasa wa binti yake. Nikachovya kalamu, nikamwuliza kwa adabu yote ya bweni: kwao niandike wapi?

Wino ulikauka kwenye kalamu. Nikachovya tena.