Ushirikishwaji wa Umma Katika Sigara ya Mheshimiwa

Wananchi wa Lodwar, Kakuma na vitongoji vyake walitangaziwa kwa furaha kuu kwamba serikali yao imeunda Kikosi Kazi cha Kuonja na Kutathmini Sigara. Wala si hizi za kioski zinazouzwa moja moja. Hii ilikuwa sigara nono ya majani matupu, imevaa mkanda wa dhahabu kiunoni, na ililetwa ndani ya kisanduku kizuri kuliko nyumba za walimu. Aliyeituma alikuwa Ngugi, mwekezaji kutoka Nairobi, aliyetaka kujenga hoteli Eliye Springs. Ngugi alikuwa na sharti moja: hajengi na mtu asiyejua tumbako. Naye Mheshimiwa Nangiro, Waziri wa Itifaki, alikuwa hajawahi kuvuta hata moshi wa jikoni.

Mzigo ukamwangukia Reuben Lokuruka, Kaimu Mkurugenzi wa Mapokezi. Ukaimu wake ulikuwa umezeeka hadi watoto wake wakadhani "Kaimu" ni jina lake la ubatizo.

"Nifundishe hii kitu," Waziri alimwambia. "Nikiiweza mbele ya Ngugi, hiyo Kaimu nafuta. Nikiaibika, nakutuma mahali ngamia wanaulizana njia."

Lokuruka aliitamani ile nafasi kwa moyo wake wote, na hakuona haya kuitamani. Alifunga mlango wa ofisi, akamwita Mugure, mwanasheria wa idara, na tathmini ikaanza. Kwa kuwa sigara ilikuwa moja tu, na kuiwasha ni kuimaliza, kikosi kiliazimia kuonja kwa pua.

"Nasikia ngozi," alisema Lokuruka, macho ameyafumba. "Ngozi, kahawa, halafu kwa mbali, zizi."

"Zizi ya mbuzi ama ya ng'ombe?"

"Ng'ombe, Mugure. Hii ni bidhaa ya hadhi."

Mugure alinusa kwa uangalifu wa kisheria. "Mimi nasikia sofa mpya. Lakini tusiendelee, bosi. Hii haijapitia ushirikishwaji wa umma. Mtu mmoja akienda korti, sigara inasimamishwa."

Hapo palikuwa na hekima. Serikali isiyowauliza wananchi kabla ya kuamua kinyume chao ni serikali gani? Basi kikosi kikapanda gari hadi Lopur, karibu na Kakuma, kikasimamisha hema, na wazee wakaja na vigoda vyao. Lokuruka, mzaliwa wa Kanamkemer pale Lodwar aliyesomea mambo mengi mno Nairobi, akasimama na kuinua sigara juu ili wadau waione.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Kwa watu wake, tumbako ikishaonyeshwa kwa wazee imeshatolewa. Hata mtoto anajua. Lokuruka alikumbuka mkono ukiwa tayari hewani.

"Ejok!" alisalimu bibi mmoja, Nakaale, akinyanyuka. "Asante, mtoto yangu. Serikali imekumbuka sisi."

"Ejok, mama. Ila hii ni ya kuangalia tu..."

"Etaba ya kuangalia? Tumbako huangaliwa?" Nakaale aliwageukia wenzake. "Huyu anatunyima?"

Baraza zima likaguna. Mkono wa Lokuruka ukashuka wenyewe na kumkabidhi bibi sigara. Nakaale alivua ule mkanda wa dhahabu, akamvisha mjukuu wake kidoleni, akafumua majani, akayachanganya na magadi, akagawa. Umma ukashiriki. Ukatafuna kwa makini, ukatema, ukatikisa kichwa.

"Ni nzuri," Nakaale alitoa tathmini. "Lakini ni ya wagonjwa. Haina nguvu."

Vumbi likatimka barabarani. Waziri na Ngugi walikuwa wamefika kufunga mkutano, na wapiga picha nyuma yao. Lokuruka akajiona tayari amekaa na ngamia.

"Iko wapi?" Waziri alimnong'oneza.

"Mheshimiwa, umma umeishiriki yote."

"Yako tuliweka," Nakaale aliingilia. Mkubwa asiyekuwepo huwekewa fungu lake, na fungu la Waziri lilikuwa nyuma ya sikio la bibi, limeshatafunwa kidogo ili lilainike. Alilitoa kwa heshima zote, akalitia kinywani mwa Mheshimiwa.

"Safi sana!" Ngugi akapiga makofi. "Sasa huyu ndiye mtu wa tumbako."

Kutema tumbako ya mama mzee mbele ya watu wake ni kumtema yeye, na wapiga kura wote walikuwa wanatazama. Waziri akafumba mdomo. Macho yakamjaa maji, kwikwi ikampanda, kichwa kikashuka na kupanda.

Nakaale alikuwa macho. "Mheshimiwa, kisima ya Lopur itachimbwa kabla ya hoteli?"

Kwikwi. Kichwa kikashuka.

"Amekubali!" umma ukalipuka. Kamera zikawaka.

"Na daktari wa mifugo?"

Kichwa kikashuka mara mbili. Vigelegele vikapaa, na Ngugi, asiyetaka kuachwa nyuma na mkubwa wa namna hii, akapaza sauti kwamba bomba atanunua yeye.

Lokuruka aliuangalia ule uso ukigeuka rangi ya majivu. Akaona huruma, akaona pia nafasi yake. Akasogea mbele ya kamera, akakohoa kwa itifaki.

"Mheshimiwa, na ule ukaimu wangu?"

Waziri alimkodolea macho ya mauaji. Kisha kwikwi kubwa kuliko zote ikamjia, na kichwa kikashuka mpaka kidevu kikagonga kifua. Umma ukapiga makofi, na Mheshimiwa akakimbilia nyuma ya gari.

"Wananchi," alisema Mkurugenzi Lokuruka, "Waziri hana la kuongeza."