Mama Roza Hali Askari wa Bure

Didas alikuwa kijana wa Iringa aliyefukuzwa seminari kabla hajajua sala zote, ila sataranji aliijua barabara. Mwaka ule wa sabini na sita alikuwa akizunguka miji ya barabara kuu na ubao wake kwapani, akiwatafuta watu wenye tamaa.

Uchezaji wake ulikuwa wa ajabu. Wengine huanza kwa kusogeza askari wa katikati, yeye alianza na yule wa pembeni kabisa, akamtupa farasi ukingoni, kisha akaacha kete zake ziliwe hovyo huku akijishika kichwa: "Jamani, leo nimeamka vibaya!" Mpinzani hula, hunogewa, huongeza dau. Akija kuinua macho, mfalme wake hana pa kukimbilia. Hivyo ndivyo Didas alivyojipatia baiskeli ya mwalimu mmoja, redio ya Fanueli mwenye duka kule Mbalizi, na koti la sufu la bwana mmoja ambaye heshima yake inatuzuia kumtaja.

Alichokosa ni fahali. Mzee Kalinga, baba yake Severina, msichana ambaye Didas alitaka kumwoa, alikuwa amesema wazi: "Bila fahali, binti yangu utamsalimia kanisani tu."

Basi asubuhi moja pale Igawa akamwona fahali mwekundu amefungwa kando ya lori. Mwenyewe, Mama Roza, mfugaji tajiri wa Kisukuma aliyehamia Usangu, alikuwa kibandani akinywa chai.

"Mwangaluka, Mama!" Didas akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Hiyo si sataranji? Nilipovunjika mguu, sista wa hospitali alinifundisha. Najua kete zinavyotembea, basi."

Didas nusura apige vigelegele.

"Tucheze, Mama. Baiskeli, redio na koti, kwa huyo fahali."

Mama Roza akamtazama fahali, akaitazama redio. "Haya."

Wachuuzi wa vitunguu wakasogea. Didas akasukuma askari wa pembeni. Akatupa farasi ukingoni. Akaacha askari mwingine wazi, akaguna kama mwenye jino bovu.

"Mama, umeniona? Nimekosea. Mle tu."

"Simtaki."

"Ni wa bure!"

"Ndiyo maana. Mnadani mtu akikupunguzia bei ya ng'ombe hujaomba, mkague huyo ng'ombe kwato." Akasogeza kete yake taratibu, akaikinga na nyingine.

Didas akatoa farasi. Mama akakataa. Akatoa ngome nzima, watu wakapiga kelele, "Kula, Mama, kula!" Mama akanywa chai. Sasa kete za Didas zilikuwa zimetawanyika ubao mzima kama kuku waliofukuzwa, zikingoja kuliwa na mtu asiye na njaa, na mfalme wake amebaki peke yake. Jasho likamtoka ndani ya lile koti. Malkia wa Mama Roza akaja mdogo mdogo, akasimama mlangoni kwa mfalme.

"Anatokea wapi huyu?" akauliza Mama, kwa nia njema kabisa.

Didas akatafuta kila upande. "Hatokei."

Akavua koti mwenyewe. Kibanda kizima kilikuwa kikicheka, na Mama Roza akicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Fahali ulimtakia nini, baba?"

"Kuoa," Didas akajibu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuwa akidanganya.

Mama akamwonyesha fahali kwa kidole. "Basi mchukue. Tangu marehemu mume wangu aondoke sijacheka hivi. Ukaoe."

Didas akasimama. Akamzunguka fahali. Akamkagua kwato, akamfunua meno, akatazama chini ya mkia. Hakuona kasoro, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Asante, Mama. Simtaki."

"Kweli?"

"Mimi si mtoto."

Mama akainua mabega, akamgeukia dereva wake. "Seni, wewe je? Si nawe unatafuta mke?"

Seni hakuuliza mara mbili.

Didas akashika barabara ya Iringa kwa miguu, baridi ikimpenya shati. Jua lilipopanda, lori likampita. Fahali mwekundu amesimama nyuma, ametulia, mzima kama siku aliyozaliwa. Seni akampigia honi kumsalimu. Didas akasimama kando ya lami akiwatazama mpaka walipopotea kilimani.

"Nusura aninase," akasema, akatabasamu, akaendelea na safari.