Mkuki wa Aluoch

Jumatatu, 6 Mei 1996
Wivu unaniua! Nakiri hapa tu. Andati, mfanyakazi wa reli aliyetubunia mchezo wa vita pale ukumbi wa Kaloleni (karatasi ya miraba, dadu, askari ni vizibo vya soda), amempa Gordon, mwenzangu wa timu, kadi ya mkuki. Unachoma miraba mitatu kwa mpigo! Askari wangu Nzivo ana panga. Panga hata mpishi analo. Jumamosi tunapigana na timu ya Ziwani, na atakayeng'ara wiki hii ndiye nahodha. Kiti hicho nakitaka mimi.

Jumanne, 7 Mei
Nimembembeleza Gordon tubadilishane. Nimetoa panga, ngao na farasi. Kakubali papo hapo, akicheka. Mjinga yule!

Jumatano, 8 Mei
Mjinga ni mimi. Andati kanionyesha maandishi madogo nyuma ya kadi: mkuki hushikwa na Aluoch peke yake. Aluoch ni askari wa Gordon! Kwa mwingine ni kijiti cha kuchokolea meno. Na sasa Aluoch anatamba juu ya farasi wangu.

Alhamisi, 9 Mei
Dawa imepatikana. Jirani yangu Benta ni Mjaluo. Nikamuuliza, kijanja, mtoto wa kiume huitwa Aluoch? Akasema la, wa kiume ni Oluoch, aliyezaliwa mawingu yametanda. Basi! Nimekwangua jina la Nzivo kwenye kizibo, nikaandika Oluoch. Jina ni lile lile, limevaa suruali tu.

Jumamosi, 11 Mei
Nahodha ni Gordon. Mwishoni jemadari wa Ziwani alikuwa miraba mitatu tu mbele ya Aluoch. Gordon akaniomba mkuki, kwa heshima, akaniita kaka. Ukumbi mzima ukaniomba. Ili sifa apate yeye? Thubutu! Nikamtoa Oluoch wangu aurushe yeye. Andati akavaa miwani, akasoma kizibo, akasema huyu labda ni kakake, anaweza kumbebea dada mkuki, si kuurusha. Kijiti! Ziwani wakamuua Oluoch, kisha Aluoch. Tumeshindwa. Na sheria ya Andati ni kwamba aliyekufa hafufuki.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani Gordon hakunipa mkono. Shauri yake. Mkuki bado uko mfukoni mwangu, na kwa kuwa Aluoch amekufa, jina liko wazi. Nimekwangua O, nimeandika A. Andati akisema askari wangu ni maiti, nitamjibu aliyekufa ni Oluoch.