Divai Nyeupe ya Askofu

Aliyeanza ni Redio. Jina lake la ubatizo ni Shedrack, lakini hapa kijiweni kwetu Ilula, nyuma ya meza za nyanya, hakuna anayelitumia. Ana bodaboda inayoshinda imepaki na simu isiyopumzika, na chochote simu ikisema, yeye anakirudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Sikilizeni hii. Huko Ulaya chupa moja ya divai imeuzwa mnadani kwa bei ya Fuso jipya."

Mimi nilikuwa napigilia tenga. Ndiyo kazi yangu, kutengeneza matenga ya kusafirishia nyanya, ndiyo maana wananiita Msumari. Benchi wanalokalia ni langu, kivuli ni cha kibanda changu, chai wanayokunywa imechemshwa kwenye jiko langu, na bado nikigonga nyundo wanalalamika kwamba napiga kelele.

"Fuso tupu au lenye mzigo?" akauliza Breki.

Breki ni Andendekisye, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeoa na kuhamia huku. Ameendesha malori, amechimba dhahabu Chunya, na kwa maelezo yake kote huko alikuwa hatari. Kwa nini mtu hatari hivyo anakaa kwenye benchi langu kila siku kuanzia saa nne asubuhi, hilo hajawahi kulieleza.

"Fuso jipya, la dukani," akasema Redio.

"Sasa huyo mnunuzi akishainywa anabaki na nini?"

"Anabaki na chupa."

"Na mwenye Fuso?"

"Anabaki na Fuso, lakini mwenye chupa ana heshima."

"Heshima inapanda mlima wa Kitonga na matenga mia mbili mgongoni?"

"Breki, kaka, hujaelewa. Divai inavyozidi kukaa ndivyo inavyopanda bei."

"Na nyanya ikikaa?"

"Nyanya ikikaa unaitupa mtaroni," nikasema, maana hilo nalijua kuliko wote.

"Umeona sasa?" Redio akanyoosha simu juu. "Hata Yesu kule Kana aligeuza maji yakawa divai. Hakugeuza yakawa nyanya."

Hapo ndipo alipotokea Kalinga, na kwa kweli hakuna aliyestahili kutokea wakati ule kuliko yeye. Kalinga tunamwita Askofu. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Dodoma harusini kwa dada yake, akarudi na furushi la vijiti vya mizabibu amevifunga kwenye kanga mbichi, akang'oa nyanya za mke wake robo tatu ya shamba, akapanda vile vijiti. Tangu siku hiyo akikutana na padri barabarani anamwambia avumilie kidogo, divai ya altare inakuja. Padri kavumilia miaka mitatu. Shamba likawa kichaka, majani matupu, mbuzi akiingia humo mnamtafuta kwa tochi. Zabibu hata moja ya kumwonjesha mtoto hakuna.

Siku hiyo amevaa shati la kanisani. Mkononi ana dumu la lita tano lenye kitu nusu.

"Kamwene," akasalimia.

"Kamwene, Askofu," tukaitikia. "Mbona umependeza, kuna kipaimara?"

"Leo ndiyo leo, jamani. Msumari, lete vikombe."

"Vikombe vina chai."

"Mwageni chai. Hii ni divai. Ya shamba langu."

Nyundo ikanikaa mkononi. Redio akazima simu, kitu ambacho sijawahi kukiona. Breki alimaliza chai yake kwa funda moja, ikamuunguza, akavumilia. Askofu akamimina, taratibu, kama anavyofanya padri. Tukatazama vikombeni. Vilikuwa na kitu cheupe, kisafi, kinachoonyesha mpaka ufa wa chini ya kikombe.

"Askofu," nikasema, "haya ni maji."

"Ni divai nyeupe."

"Divai nyeupe si nyeupe namna hii. Ina unjanounjano kidogo, niliiona kwenye sherehe."

"Hiyo ya kwenye sherehe wanaweka rangi. Hii ni asilia."

Breki akaonja. Akazungusha mdomoni, akafumba jicho moja. Tukamsubiri, maana kwa mambo ya vinywaji tunamheshimu.

"Ina ladha ya nini?" akauliza Redio.

"Ina ladha ya dumu la petroli lililooshwa vizuri."

"Bado haijaiva tu," akasema Askofu. "Ulanzi wetu wa mianzi nao ukiukinga leo ni togwa, watoto wanakunywa. Siku ya tatu ndiyo unamlaza mtu."

"Hii imekaa siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Pikipiki mbili zikapita barabarani. Nikaweka nyundo chini, nikamsogelea, maana nilianza kuhisi kitu, na nilikuwa naomba kisiwe hicho.

"Askofu, ndugu yangu. Zabibu umezitoa wapi? Mwezi juzi nilipita shambani kwako, sikuona hata punje."

"Zabibu za nini?"

"Za kukamua divai."

Akanitazama kwa huruma.

"Msumari, wewe ni Mhehe kweli? Ulanzi unakamua mwanzi? Unakata ncha, unafunga mbeta, asubuhi unakwenda kukinga. Mzabibu ni hivyo hivyo. Nimekata ncha, nimefunga mbeta arobaini, zikadondosha usiku na mchana. Kila asubuhi na jioni nafyeka ncha kidogo ili kidonda kisikauke. Zabibu zenyewe ni za kula tu, za watoto."

Wale wasiojua, mbeta ni kile kipande cha mwanzi tunachofunga kwenye ncha ya mwanzi mchanga ili ulanzi udondokee humo. Kila mlima wa Iringa unazo. Lakini mbeta kwenye mzabibu, hiyo tangu dunia iumbwe alikuwa hajaifanya mtu.

Redio alianguka kutoka kwenye benchi. Sisemi kwa kutia chumvi, alikuwa chini kabisa, kwenye vumbi la mbao, anapiga ardhi kwa kiganja. Breki alilia machozi. Mimi nilijitahidi, nikashikilia tenga, tenga nalo likaanza kutikisika.

"Amegema," Redio akasema kutoka chini. "Askofu amegema mizabibu."

"Na mafuta ya alizeti unayagemaje?" akauliza Breki. "Unaifunga kopo shingoni?"

"Ng'ombe wa maziwa je, unamkata mkia?" akadakia Redio.

"Chekeni," akasema Askofu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Akakaa kwenye ukingo wa benchi na dumu lake magotini. "Chekeni tu. Kwa hiyo ile yote ni maji?"

"Ni maji ya mti, Askofu."

"Yote?"

"Yote."

Akalifunga dumu. Kisha akasema jambo lililotukata kicheko. "Mama Anjela wangu amenipa mpaka leo. Bibi shamba anakuja saa tano kukagua. Akisema mizabibu haina faida, inang'olewa leo leo, zinarudi nyanya. Miche yake iko tayari. Mimi nilijua nitamwekea divai mezani nimnyamazishe. Miaka mitatu, jamani. Nimechimba mashimo yale kwa mikono hii, nimeiwekea nguzo, nimeiwekea waya. Watu wote humu mmekuwa mkinicheka na nimewavumilia kwa sababu ya siku ya leo. Naipenda ile mizabibu, sijui niseme vipi. Ikitoka, nami sina cha kunitoa nyumbani asubuhi."

Nikamwonea huruma, nisiseme uongo. Nikammiminia chai kwenye kikombe na kumwongezea sukari.

"Ungeipogoa labda," nikasema. "Watu wa Dodoma wanapogoa."

"Niipogoe kwa moyo gani? Mtu unapanda kitu unakilea, halafu unakikata mikono? Mama Anjela alinisumbua na hilo neno tangu mwaka jana. Nikamwambia asiye na uchungu ndiye ashike kisu."

Hajamaliza, Mama Anjela huyo akatokea kwa njia ya kisimani. Jina lake ni Faustina, mke wa Askofu, mwanamke mfupi, mpole, hajawahi kugombana na mtu sokoni. Kichwani alikuwa na beseni la miche ya nyanya, mibichi, imeshiba, ya kupanda siku hiyo hiyo.

"Kamweneni, kina baba."

"Kamwene, shemeji," tukajibu, wote tumetazama beseni. Askofu alilisukuma dumu chini ya benchi kwa kisigino.

"Baba Anjela, mgeni hajafika?"

"Bado."

"Tutamsubiri." Akatua beseni kivulini, akakaa juu ya tenga nililokuwa nimelimaliza. Kwa mwingine ningesema neno.

Bibi shamba alifika na pikipiki yake baada ya dakika si nyingi. Anaitwa Jackline, msichana wa Mbeya mjini, ana buti za mvua na daftari, na anaongea haraka kiasi kwamba wazee humuitikia "ndiyo" kwa kujihami. Aliegesha akiwa tayari anazungumza.

"Shikamooni. Mzee Kalinga ni nani hapa?"

Askofu akasimama kama mshtakiwa. "Ni mimi, madam."

"Nimetokea shambani kwako sasa hivi. Nani aliyepogoa ile mizabibu?"

Breki alitazama angani. Mimi nikaokota msumari ambao haukuwa umeanguka.

"Kupogoa?" akasema Askofu.

"Maana nilikuja mwaka jana ilikuwa kichaka, nikasema huyu mzee hasikii. Leo nakuta kila tawi limekatwa fupi, yamebaki macho mawili mawili ya kuchipukia. Kama kitabuni. Machipukizi mapya yametoka na yana vishada vya maua, nimehesabu mpaka sita kwenye shina moja. Hizo ni zabibu, mzee. Na ni mbegu ya divai hasa, punje ndogo zenye sukari. Uliwezaje kujua pa kuishia kukata?"

Askofu akanitazama. Nilijua jibu na yeye alijua kwamba nalijua. Alikuwa akifyeka kidogo kila siku, asubuhi na jioni, mpaka tawi likaisha, akaishia pale ambapo mbeta ilikuwa haina tena pa kufungwa.

"Uzoefu," akasema.

Redio alitoka mbio kwenda nyuma ya kibanda. Tulimsikia akikohoa huko.

"Safi sana," Jackline akaandika. "Na vile vipande vya mianzi vinavyoning'inia, vya nini?"

"Vya kupimia mvua."

"Arobaini?"

"Mvua ya huku haieleweki, madam."

Akaandika na hilo. Kisha akasema Alhamisi ataleta wakulima thelathini, kutoka Ilula hadi Idodi, lile shamba liwe shamba darasa, na Mzee Kalinga awafundishe kupogoa yeye mwenyewe. Akawasha pikipiki, akaondoka bado anaongea.

Askofu alikaa chini. Uso ulikuwa unataka kucheka na unataka kulia, ukafanya vyote. Breki akampiga begani. Redio akarudi, akampa mkono na kumwita profesa. Kwa nusu dakika tulikuwa na furaha ya kweli pale, mpaka mimi, kwa mdomo wangu huu, nikauliza lile lililokuwa linaniwasha.

"Lakini Askofu, hili la kugema nani alikwambia? Kule Dodoma uliona mtu anafunga mbeta?"

"Sikuona. Ni Mama Anjela aliyeniambia."

Tukageuka. Mama Anjela alikuwa ameinama anaweka sawa ngata yake.

"Shemeji," nikasema, "wewe ulijua mizabibu inagemwa?"

"Haigemwi," akasema, taratibu kama kawaida yake. "Bibi shamba alishanionyesha mwaka jana pa kukata. Nikamwambia mwenzenu apogoe. Nimemwambia masika, nimemwambia kiangazi, anasema mti wake hauguswi na kisu. Mwezi uliopita nikamwambia nimesikia ndani mna pombe ya kugema." Akajitwika beseni. "Kesho yake alfajiri nilimkuta shambani ananoa kisu."

"Na hii miche?" akauliza Askofu kwa sauti ndogo sana.

"Ya jirani yetu Lusia. Ameniomba nimpitishie. Wewe nenda kaandae somo lako, Baba Anjela, hao watu thelathini watataka na uji."

Akaondoka zake. Askofu akamfuata nyuma, hatua mbili nyuma, dumu kaliacha chini ya benchi langu.

Mngedhani tungecheka. Hakuna aliyecheka. Redio aliwasha simu, akaizima tena. Nilirudi kwenye tenga langu, nikapiga msumari mmoja, ukapinda. Breki ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Alikuwa ametoa macho, midomo inachezacheza, kama mtu anayepiga hesabu ya zamani.

"Una nini wewe?" nikamuuliza.

"Msumari. Mwaka jana mke wangu Tupokigwe aliniambia amesikia kwa wazee kwamba Wajerumani walifukia mali nyuma ya nyumba yetu. Akanionyesha na mahali. Nikachimba wiki mbili, futi kumi na mbili, udongo mgumu ule."

"Mkapata mali?"

Breki akasimama, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akaanza kuondoka kuelekea kwake.

"Tulipata choo," akasema.