Nilivyokufa kwa Ajili ya Minerval

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Minerval, ile ada ya chuo, imepanda tena. Wakubwa wametangaza asubuhi, kisha wakapanda gari wakaenda zao. Nami naogopa mtu mmoja na shimo moja. Mtu ni baba mdogo Sumaili, anayenilipia masomo kwa duka lake la chumvi na sabuni. Amesema haongezi kitu. Kama feza haitoshi, Lusangi iko na mashimo ya dhahabu, na mimi niko na mikono. Shimo ni hilo la Lusangi. Léon, tuliyesoma naye sekondari, alishuka humo mwaka jana, udongo ukamfunika hadi kifuani. Alitolewa mzima. Lakini tangu siku hiyo halali bila taa.

Aganze, rais wa komite ya wanafunzi, amesema Alhamisi tutaandamana hadi ofisi ya teritware, kwa wakubwa wa wilaya. Kijana wa Bukavu, sauti kubwa, kifua mbele. Akauliza nani atatangulia mbele ya wote. Hidaya, msichana ninayempenda, akanitazama. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Mkono mjinga!

Jumanne, tarehe 4

Sikulala. Wanasema polisi wameongezwa, na fimbo zao mpya.

Nimewaza sana. Polisi hampigi nani? Mtoto mchanga. Mama mwenye mimba. Maiti! Hakuna polisi wa hapa Kasongo atakayeinua fimbo mbele ya jeneza. Wenyewe husimama wakavua kofia. Nikamwendea Aganze: tuizike minerval. Tubebe jeneza la kweli, la msikiti, na kitambaa chake cha kijani, tupite katikati ya polisi kimya kimya. Tukifika ofisini ndipo tuimbe. Akauliza nani atalala ndani. Nikasema, kwa huzuni kubwa, kwamba nitajitolea. Hidaya akasema mimi ni mwanaume kweli. Aganze akakunja uso. Raha iliyoje!

Jumatano, tarehe 5

Mzee Ayoubu, anayetunza jeneza la msikiti, akauliza nani amekufa. Nikasema ni mwanafunzi, mgeni, hana ndugu hapa. Akauliza nani atamwosha. Nikasema ameoshwa hospitali. Akauliza juu ya kaburi. Nikasema tutaona. Akanishika bega, macho yamelowa, akasema: "Mutoto wa mugeni njo wetu. Weye usihangaike."

Mtu mwema. Nimeuogopa kidogo wema huo, sijui kwa nini.

Alhamisi, tarehe 6, jioni

Nywele zimejaa udongo. Nitaandika hivyo hivyo.

Sanda ilikuwa shuka la Aganze, lenye harufu ya Aganze. Tukaondoka. Polisi, kama nilivyosema, wakavua kofia. Nilicheka peke yangu ndani ya shuka.

Kumbe Mzee Ayoubu alikwisha kutangaza kwenye mikro ya msikiti kwamba kijana wa watu amefia ugenini, waumini waje kuzika. Tulipofika sokoni, soko lote likaja. Mimi Mwislamu tangu tumboni mwa mama, nilisahau: jeneza likipita, kila mwanaume huweka bega, hata hatua chache, apate thawabu. Aganze Mkristo hakulijua kabisa. Bega lake likaondolewa kwa adabu. La mwenzake pia. Nikasikia sauti yake ikibaki nyuma, ikilalamika kwamba ofisi iko upande mwingine. Nani amsikilize? Maiti hacheleweshwi. Kwa hasira akaanzisha wimbo wa maandamano palepale, na polisi wakapata kazi yao. Risasi hewani! Wanafunzi wakakimbia. Walionibeba wakakimbia pia, lakini pamoja nami, moja kwa moja makaburini.

Nikiinuka, watanipiga kwa kuchezea jeneza. Nisipoinuka, watanizika. Nikamwahidi Mungu mambo mengi ambayo sasa siyakumbuki.

Wakanitua. Harufu ya udongo mpya. Kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri na vijana wa kujitolea. Karibu na sikio langu mtu alikuwa anahema. Baba mdogo Sumaili! Na goti lake bovu, amenibeba! Akauliza maiti ni mtoto wa nani. Wakamjibu ni wa mbali, amekufa juu ya mambo ya minerval. Akalia. Sijawahi kumsikia akilia, hata siku tulipomzika baba yangu. Akasema: "Miye niko na wangu kule chuoni. Nilimwambia aende kwa mashimo. Mbele yenu nasema, Lusangi hataenda. Nitauza hata mabati ya duka." Akanishika mguu juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Nilimpenda sana saa ile. Pia niliwaza: nimeshinda! Niendelee kufa kidogo.

Wakanisalia. Kisha mikono ikaniinua, ikanishusha. Baridi ya udongo mgongoni. Shimo! Nimekimbia shimo la Lusangi, nimelala katika la Kasongo. Mzee Ayoubu akasema uso ufunuliwe, uelekezwe kibla.

Nikapiga kelele: "Baba mudogo, ni miye!"

Sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Alibaki baba mdogo peke yake, kwa sababu ya goti. Alinitazama muda mrefu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, tarehe 7

Jana jioni wakubwa wa chuo walisikia kwamba mwanafunzi amekufa. Wakaogopa, wakatangaza minerval irudi ya zamani. Leo asubuhi wakasikia amefufuka. Imepanda tena! Chuo kizima kimenikasirikia. Aganze, jicho limevimba, ameniuliza kama nisingeweza kuvumilia hata siku moja. Hidaya hanisalimu. Makaburini wazee wamezika shina la mgomba mahali pangu, maana kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Nimepewa kazi ya kufagia msikiti hadi Ramadhani.

Nikamkumbusha baba mdogo ahadi yake, aliyoitoa mbele ya watu. Alikuwa anapima chumvi. Hakuinua macho. Akasema: "Ile ahadi nilimupa maiti. Weye uko muzima."

Basi Lusangi, Jumatatu. Léon amepita jioni. Ameniachia taa yake.

Jumamosi, tarehe 8

Naogopa hata kufumba macho. Nikifumba, nasikia udongo.

Lakini nimewaza vizuri. Hila haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa maiti. Maiti huzikwa. Mgonjwa je? Mgonjwa hapigwi na polisi, hazikwi, wala hapelekwi Lusangi! Aganze ameitisha maandamano mengine Jumatatu. Nimemweleza: wanibebe kwenye tipoyi, machela ya mabegani, nikiugua. Elodie anayesomea uuguzi amekubali kunitundikia serumu, chupa ya dripu. Baba mdogo ataniona, atalia tena, na safari hii ahadi atampa mtu aliye hai.

Nimepita pia kwa Mzee Ayoubu, nikamwambia kuna mwanafunzi mgonjwa sana, lakini tafadhali asitangaze kitu. Akaegemea ufagio wangu, akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Akasema mgomba ule wa kaburini si mzito, unafukulika.

Maneno ya wazee! Sikuelewa. Nimekwenda kutafuta shuka lisilo la Aganze.