Naomba Mumwondolee Baba Elimu ya Semina

Tegeta,
14 Juni 1993

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kuimarisha Viwanda Vidogo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mratibu,

Sauti ya kufuli haijanitoka masikioni. Jumatatu ile baba yangu, Mzee Mfaume, fundi wa majiko ya mkaa hapa Tegeta, alikuwa ndiyo kwanza karudi kwenye semina yenu ya kukuza uwezo wa biashara. Badala ya nyundo kugonga bati, nikasikia "kacha". Alikuwa amefunga sanduku la maoni alilolitengeneza mwenyewe. Nyundo haijasikika tena tangu siku hiyo.

Kwa heshima, malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimfundisha kupanga kabla ya kutenda. Anapanga. Hii ni wiki ya sita.

2. Mlisema biashara itenganishwe na familia. Amechora mstari wa chokaa uani. Mahali anapopikia mama pameangukia upande wa kiwanda, kwa hiyo ikawa lazima atie sahihi kitabu cha wageni kabla ya kuinjika wali.

3. Mlisisitiza ubora. Baba aliyakagua majiko yote, akayakataa na kuyaponda, pamoja na lile tunalopikia.

4. Mlimwambia amsikilize mteja. Mama alipouliza sasa apikie nini, alijibiwa kwa upole, "Mama Raudha, andika, utumbukize." Akaandika: "Mume wangu, njaa." Ijumaa baba aliyasoma maoni hayo kikaoni, wajumbe tukiwa mimi na yeye, akaagiza mteja ashukuriwe kwa kuendelea kuwa nasi. Mama akafunga kanga zake. "Mwambie mkurugenzi wako mteja kahama," akaniambia, akaenda zake Bunju kwa dada yake.

Nimesoma hadi kidato cha sita; elimu siichukii. Jambo hili nimelifikiria sana, peke yangu, ng'ambo ya mstari. Naomba mje mumwondolee baba elimu yenu, hata nusu, ili mama apate jiko na nyumba irudi kuwa nyumba. Naomba pia semina hizo zisiendeshwe tena Tegeta, kwa usalama wa ndoa za mafundi.

Wasalimieni wakufunzi wote, karani, na yule aliyepika chai. Baba anamsifu hadi leo.

Ni mimi, niliyeteuliwa bila kuulizwa,
Raudha Mfaume,
Meneja Masoko.

N.B. Barua hii sijaituma bado, na mama karudi jana. Nilimnunulia jiko kwa Albano, fundi jirani ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote. Wateja wetu wote nimewakuta kwake, wamepanga foleni. Nimekwisha kumwandikisha Albano kwenye semina yenu ijayo.